Mpaka Uliosafishwa kwa Kidole

Mjukuu wangu Vedastus ana miaka thelathini na mbili, na kitu kizito kuliko vyote alivyowahi kubeba ni simu. Ukimwekea mkungu wa ndizi begani anauliza kama hakuna njia nyingine. Alizaliwa mwaka ule wa mvua iliyonyesha hapa Kibosho siku arobaini bila kupumua, mpaka vyura wakawa wanapanda migomba kutafuta pa kujianika. Nadhani maji yale yalimwingia mikononi, maana mpaka leo ni laini kama maini.

Alisoma, hilo simnyimi. Alisoma mpaka majirani wakaacha kuuliza anasoma nini, wakawa wanauliza atamaliza lini. Siku aliporudi na cheti, baba yake Remigius akachinja mbuzi, na mimi nikamwita karibu na jiko nimhoji.

"Haya, mume wangu, umekuwa nani sasa?"

Humwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume, ingawa marehemu mume wangu angejua nimemweka kikapu kimoja na huyu angefufuka aje anikane.

"Natengeneza programu za simu, Bibi."

"Kwani simu zimeharibika?"

"Hazijaharibika. Naongeza vitu ndani yake."

"Kwa hiyo unaongeza mahali ambapo hapajapungua."

Akacheka. Huyu akikosa jibu hucheka.

Akapanga chumba Majengo, mjini Moshi, nyuma ya karakana ya fundi seremala. Fundi yule akianza kazi asubuhi, jioni kuna kitanda na mtu anakilalia. Vedastus naye akianza asubuhi, jioni kuna Vedastus yule yule, macho mekundu, anasema "imekubali" au "imekataa". Sijawahi kusikia kazi nyingine ambayo mtu anakaa siku nzima akimbembeleza asiyemwona.

Kitu alichokitengeneza kinaitwa Kihambani, kutokana na kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani. Ni cha ukoo wetu. Sisi tumetawanyika, mwingine Dar es Salaam, mwingine Mwanza, mwingine amekwenda nchi ambayo jua linakuchwa saa tisa alasiri kwa uvivu. Basi kila mtu anaweka picha humo, wenzake wanaziona na kuandika maneno chini yake. Sifa kubwa ya Vedastus, aliyoitangaza kuliko Remigius alivyotangaza ubatizo wake, ni kwamba ameiandika mara moja tu na inakaa kwenye simu za namna zote, hizi zetu za kawaida na zile za gharama zenye tunda lililong'atwa mgongoni.

Nikamwambia, "Kofia inayomtosha kila mtu, ujue haijamkaa vizuri hata mmoja."

Na kweli. Picha iliyosimama kwenye simu za kawaida ikawa inalala ubavu kwenye simu za tunda. Kanisa letu lilionekana limelala na mnara wake kama mlevi aliyeshindwa kufika kwake. Vedastus akasema ni kasoro ndogo, lakini kuirekebisha kunahitaji simu ya tunda ya kujaribia, na yeye hana. Mwenye nayo alikuwa Herieth, binti wa jirani yangu Kastori, anayeuza kwenye duka la dawa mjini. Basi wakawa wanajaribia. Walijaribia miezi minne. Kastori akaniuliza, "Mama Remi, ni kitu gani hiki kisichoisha kujaribiwa?" Nikamwambia avute subira, kasoro ikipona ataletewa mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi. Ikawa hivyo. Washenga wakaenda, wakakubaliwa, siku ya kupeleka mbege ikapangwa, Jumamosi.

Kastori nimwelezee kidogo, kwa sababu ndiye atakayetutoa jasho. Kihamba chake na changu vinapakana. Ana shamba la mpunga kule Chekereni, chini kwenye joto, na kila mavuno huniletea debe la mchele mlangoni bila kuombwa. Watu husema mzee yule ana moyo. Mimi husema aika, yaani asante, napokea debe, nafunga mlango.

Sasa, picha za Kihambani zilikuwa za giza. Chini ya migomba jua huingia kwa kuomba ruhusa, unajua. Mwenyekiti wa ukoo wetu, Davis, mtoto wa shemeji yangu anayekaa Dar, akalalamika kwamba wakwe zake wana picha zinazong'aa na yeye anaonekana kama aliyezaliwa pangoni. Mtu mwenye kazi angemjibu anunue taa. Vedastus akafurahi kama aliyeitiwa karamu. Akajifungia Majengo wiki tatu, akatoka na vitufe vitatu: Kata, Ng'arisha, Safisha.

Kata hukata picha pembeni. Wa kwanza kukatwa alikuwa binti yangu Beatha, kwenye picha ya kipaimara, akabaki kiwiko. Ng'arisha huongeza mwanga. Aliupiga mlima kwa hicho, Kibo ikatoka nyeupe mpaka mabegani kama nilivyoiona nikiwa msichana, wakati theluji ilikuwa inateremka mpaka sokoni kuuliza bei ya chumvi. Davis akanipigia simu kutoka Dar.

"Shikamoo, mama mkubwa. Naona theluji imerudi. Mnahitaji blanketi huko?"

"Marahaba, mwanangu. Tunahitaji. Mawili."

Yamekuja, ni mazito, ninayalalia.

Lakini cha ajabu kilikuwa Safisha. Hicho, alinieleza, kinatazama picha chenyewe na kuondoa uchafu: ndoo iliyosahauliwa, mfuko wa plastiki, magugu, mtu asiyehusika anayepita nyuma. Kinaondoa, halafu kinajaza pale palipobaki tundu kwa majani yanayofanana na ya jirani yake.

"Nani amekifundisha uchafu ni nini?" nikamuuliza.

"Kimefundishwa na wataalamu, Bibi. Kimeonyeshwa picha mamilioni."

"Za Kibosho?"

Akacheka.

Davis alikipenda Safisha kiasi kwamba akaomba kila picha isafishwe yenyewe kabla ya kutumwa, watu wasisumbuke kubonyeza. Vedastus akakubali. Huwa hakatai ombi la mtu anayekaa mbali.

Jumapili kabla ya ile Jumamosi yetu, akaja kwangu kula. Baada ya mtori akasimama pale kihamba changu kinapokutana na cha Kastori, akapiga picha migomba na kahawa, akaituma kwa ukoo mzima, na chini yake akaandika maneno ambayo yeye aliyaona matamu: "Nyumbani hakuna mipaka." Halafu akashuka mjini.

Mgeni asiyejua kwetu nimwambie. Mpaka wa vihamba hapa hauwekwi kwa waya wala kwa zege. Unapandwa masale, ule mmea mrefu wenye majani membamba yanayochongoka kama mkuki. Isale likishapandwa, halichezewi. Baba anaweza kuuza ng'ombe, anaweza kuuza hata koti la harusi yake, lakini akionekana anang'oa isale la mpakani, watoto wake wanaanza kutembea wakiangalia chini. Na jani la isale hilo hilo ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo unampelekea, na akiletewa hana ruhusa ya kukataa.

Sasa kile kitufe hakikufundishwa hayo. Kiliona safu ya mimea isiyo migomba wala kahawa, kikasema magugu, kikasafisha.

Kastori wiki hiyo alikuwa Chekereni kwenye mpunga. Herieth alikuwa amemwekea Kihambani kwenye simu yake, kwa kuwa mzee alikuwa anakaribia kuwa mkwe wetu na ilionekana ni heshima. Jumatano jioni, amekaa kwenye tuta la mfereji, akaifungua. Alhamisi asubuhi alikuwa uani kwangu, matope ya Chekereni bado yako miguuni. Hakubisha hodi.

"Shikamoo, Mama Remi." Aliitupa kama jiwe.

"Marahaba, Baba Herieth. Mpunga unaendeleaje?"

"Mpunga haujambo. Naomba uniambie hii ni nini." Akanipa simu.

"Ni migomba."

"Ya nani?"

"Hii ya kushoto ni yangu. Na hii ya kulia," nikaanza, nikakwama. Katikati palikuwa na nyasi nzuri, laini, za mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu. Palikuwa pamekuwa uwanja mmoja.

"Endelea kusoma," akasema.

"Mimi na kusoma tulipishana tangu utotoni. Nisomee."

Akanisomea. Nyumbani hakuna mipaka. Halafu akanisomea aliyoandika Davis chini yake: "Kumbe kihamba chetu ni kikubwa hivi. Hapa tunaweza kujenga ukumbi wa ukoo." Na watu themanini wa ukoo wetu walikuwa wamebonyeza kuonyesha kwamba wamependa.

Nikamchukua mpaka mpakani. Masale yalikuwa yamesimama yote ishirini na tisa, kama walinzi ambao hawajaambiwa kwamba wamefukuzwa kazi. Nikasema, "Si haya hapa? Shika moja, ulinuse."

"Nayaona. Lakini mimi nitakufa, Mama Remi. Na wewe, samahani kusema, utakufa."

"Sema tu, si siri."

"Wajukuu watakaobaki wako Dar. Siku wakigombana hawatakuja kuangalia chini. Watafungua simu, na simu itawaonyesha nyasi."

Hilo lilikuwa neno la kwanza lenye akili nililowahi kusikia kuhusu simu, na likasemwa na mtu mwenye matope.

Akamaliza hivi: mbege ya Vedastus haitaingia kwake mpaka Vedastus mwenyewe alete isale. Na asipoleta kabla ya Jumamosi, washenga wasijisumbue tena, binti yake bado ana kazi na ana akili.

Sasa mbege haina subira. Ndizi zilikuwa zimeshapikwa, ulezi umeshatiwa, pipa linachemka pembeni mwa nyumba likizungumza lenyewe. Jumamosi ingekuwa tamu, Jumatatu ingekuwa siki, na mbege ya posa ikichacha mlangoni kwa muoaji, hapa hata paka wanaisimulia. Nikampigia Vedastus.

"Panda leo," nikamwambia. "Kastori anataka isale."

"Bibi, leo siwezi. Picha zimeanza kulala tena kwenye simu za tunda."

"Ziache zilale. Zimechoka, kama mimi."

"Nitashughulikia kesho, Bibi. Usiwe na wasiwasi."

Nikawa na wasiwasi tangu hapo.

Ijumaa akashughulikia. Sikilizeni alivyoshughulikia, mimi niliposimuliwa nilikaa chini. Jirani na chumba chake kuna baa ambayo imepanda masale kwenye makopo mlangoni kama pambo. Akachuma jani moja, akalifunga fundo vizuri kabisa, akaliweka kwenye kiganja, akalipiga picha. Halafu akaituma kwa Kastori kwa hiyo hiyo Kihambani, na maneno: "Mzee wangu, kwa unyenyekevu, pokea." Akarudi kwenye picha zake zinazolala, moyo mweupe.

Na Kihambani, kama ilivyoagizwa, ikasafisha kabla ya kutuma.

Kastori alipofungua simu aliona mkono. Mkono mtupu, laini, umenyooshwa, unang'aa, hauna hata alama ya kazi, na maneno yanasema pokea. Alikuja kunionyesha. Safari hii hata shikamoo aliiacha kwake.

"Mkono mtupu haulambwi, Mama Remi," akasema, akaondoka.

Mimi nilimtukana Vedastus mpaka kuku wakahama uani. Lakini aliyekwenda kumkuta ni Herieth. Baba yake alimpigia simu dukani, naye akavua koti jeupe la kazini, akatembea mpaka Majengo. Yaliyosemwa nimeyapata kwa fundi seremala, aliyeacha kupiga randa ili asikie vizuri.

"Umemtumia baba nini?" Herieth akauliza.

"Isale."

Akamwonyesha.

"Imesafisha," Vedastus akasema.

"Imesafisha. Vedastus, nimekujaribia programu yako miezi minne. Picha zikilala, nilikuambia. Zikisimama kwa kichwa, nilikuambia. Nakuambia na hili, ni la mwisho. Isale haliendi kwa simu. Linakwenda kwa miguu. Na kama miguu yako imekataa, sema, nimwambie baba amwage mbege."

"Haijakataa," akasema.

Jumamosi kabla umande haujakauka alishuka kwenye bodaboda njia panda, akapanda kilima kwa miguu. Alifika kwangu amelowa jasho, na nadhani lilikuwa jasho lake la kwanza, maana alilitazama kwa mshangao.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja na isale." Akatoa lile la baa.

"Marahaba. Hilo limezoea walevi, litupe. Kata la mpakani, kama bado unapajua."

Akakata. Akafunga fundo. Nikafuata nyuma yake, kwa sababu mtu mzima hawezi kuacha kitu kama hicho kipite bila shahidi.

Kastori alimwacha asimame uani muda wa mtu kumenya ndizi za watu sita. Herieth alikuwa amekaa mlangoni. Hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

"Mzee, nimekosa," Vedastus akasema, na jani mkononi. "Nilisafisha nisichokijua."

Kastori akalipokea. Angefanyaje, halikataliwi. Lakini mzee yule si mjinga.

"Nimepokea. Sasa futa ile picha. Halafu upige mpaka wote, isale moja moja, ishirini na tisa, na ya mwisho usimame juu upige safu nzima. Bila kusafisha. Ziwekwe humo, na Davis aandike kwa mkono wake kwamba ameona. Hapo mbege itaingia."

Vedastus akakaa kwenye gogo karibu saa nzima akibembeleza simu. Akasema picha imefutwa, na Safisha ameifunga kote, kwa simu za namna zote, haitagusa tena kitu bila kuamriwa na mtu. Halafu akaanza kupiga. Isale la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kazi ambayo mtu anainama. Alipomaliza akasimama juu kule kwenye mwinuko, akapiga safu nzima, akaja kutuonyesha, simu ya Herieth mkono mmoja na yake mkono mwingine. Zote mbili zilisimama wima. Hakuna kilicholala.

Picha ilikuwa wazi kama maji ya mfereji. Safu ilishuka imenyooka kama uzi wa fundi. Isipokuwa isale la kumi na saba. Lile lilikuwa limetoka mstarini, limeingia upande wangu hatua moja na robo, na kati yake na mstari kulikuwa na mche wa kahawa wa Kastori, umenawiri, umeshiba.

Wote tuliangalia. Ukisimama chini, migomba inakuficha, huoni. Ukisimama juu na picha isiyosafishwa, kipofu angeona.

Kastori akakohoa. Akamvuta Vedastus pembeni, lakini masikio yangu ndiyo kiungo pekee ambacho hakijazeeka.

"Kijana, ile Safisha. Imefungwa kabisa?"

"Imefungwa, mzee."

"Haiwezi kufunguka kidogo? Kwa picha moja tu?"

Vedastus akaangalia picha, akamwangalia Kastori, akaniangalia mimi. Hakucheka. Ndipo Herieth akasema kutoka mlangoni, taratibu, kama anayesoma maelezo ya dawa, "Baba, si ulisema wajukuu watafungua simu?"

Mzee akaingia ndani, akatoka na jembe, akashuka mpakani akinung'unika kwamba isale lile liliota vibaya, kwamba udongo wa pale unateleza, kwamba fuko wanasumbua sana sehemu ile. Fuko wa kubeba isale na mizizi yake hatua moja na robo bila kuvunja jani, huyo angestahili kupelekwa mashindanoni. Akang'oa mche wa kahawa kwanza. Akalichimbua isale, akalirudisha mstarini, akashindilia udongo kwa kisigino. Vedastus akapiga picha ya mwisho upya. Davis akaandika kutoka Dar, "Nimeona," na akaongeza kwamba ukumbi basi utasubiri.

Mbege iliingia saa tisa, bado tamu. Harusi ni baada ya Pasaka.

Watu wananiambia nimsifu Vedastus, kwamba picha yake imenirudishia ardhi. Watu hawajui kitu. Isale lile nililijua. Lilitembea wiki ile niliyomzika mume wangu, nilipokuwa ndani nalia na uani kumejaa wageni. Nililiona siku ya tatu, nikaenda mpaka pale, nikalitazama, nikarudi. Jirani aliyekuibia hatua moja na anadhani hujui ni jirani mzuri kuliko wote duniani. Anakusalimia kwanza. Anakurekebishia mfereji. Kila mavuno anakuletea debe la mchele bila kuombwa, miaka kumi na moja mfululizo, na wewe unasema aika.

Na mjukuu wangu, aliyeshindwa kubeba mkungu wa ndizi, amekuja na picha moja ya kweli amelimaliza jambo lote.

Kastori amevuna Chekereni wiki iliyopita. Nasikia mchele wa mwaka huu unanukia mpaka barabarani. Nasikia tu.